Baba wa Kirumi wa Kasekese

Mwalimu Mabula ana miaka hamsini na mmoja, na amechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Ni wa kufundisha historia miaka ishirini na sita, na kila likizo kuitwa Kasekese kwa baba yake kupangiwa mambo kama mtoto wa darasa la nne. Nyumba yake ya Ilembo, mzee ndiye aliyesema mlango uelekee wapi. Mke wake, Tereza, alichaguliwa na mzee. Ng'ombe wa mahari walitoka zizini kwa mzee, na katika ukoo ule wa Kisukuma, aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye sauti juu ya watoto watakaozaliwa.

Alhamisi mzee alipiga simu. Jumamosi kuna wageni wanakuja kumposa Minza, binti wa Mabula, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi. "Wewe uje tu ukae," mzee alisema. Mabula hakubisha. Lini aliwahi kubisha?

Ijumaa akaingia kidato cha tano kufundisha Wagiriki na Warumi.

"Athene," aliwaambia, "kijana akifikisha miaka kumi na minane aliandikishwa kuwa raia, na baba hakuwa na amri tena juu yake. Roma, sivyo. Baba akiwa hai, mwana hana chake. Awe na mvi, awe na wajukuu, awe mkubwa serikalini, mali yote ni ya baba."

"Sasa Mwalimu, huyo mtu mzima anafanyaje?" Venant aliuliza.

"Anasubiri baba yake afe."

Darasa zima liliangua kicheko. Mabula aliona aibu, kana kwamba wamemchungulia bafuni.

Dina, wa dawati la mbele, hakucheka. "Na binti, Mwalimu? Afadhali ilikuwa wapi?"

Mabula akajibu, "Kote kule aliozwa. Hakuulizwa."

Dina akaandika hivyo hivyo daftarini, wala hakushangaa. Hilo lilimuuma Mabula kuliko kile kicheko.

Jumamosi alipofika Kasekese, wageni walikuwa wameshakaa, kofia magotini, wanataja ng'ombe wao mmoja mmoja kwa rangi. Mzee alimwonyesha kigoda bila kumtazama. Minza, ambaye babu yake alikuwa ameshamwita, alipita na maji ya kunawa, macho chini, amevimba kope kwa kulia.

Laiti ingewezekana kusema kwamba ujasiri ulimshukia Mabula pale. Wapi! Alikuwa amechoka tu, amechoka kiasi kwamba hata kukubali kulimshinda.

"Baba, Minza anaenda chuo. Haolewi."

Mazungumzo ya ng'ombe yakakatika. Mzee aligeuka polepole. "Ng'ombe za mama yake nilitoa mimi."

"Ulitoa, Baba. Nashukuru. Haolewi."

Wageni wakaanza kuvaa kofia zao. Mzee akasimama kwa fimbo yake, akaongea taratibu ili kila mtu asikie.

"Basi siku nikifa, usije kunizika."

"Sawa, Baba," Mabula akajibu kwa mazoea, kisha ndipo akasikia alichokubali.