Glovu za Baridi Kali

Mshonaji hanunui nguo kabla hajaigeuza akaona ndani. Pale dukani aligeuza jozi ya tano ya glovu, akapitisha ukucha kwenye kila mshono, midomo kaibana kama mtu aliyeshika pini kwa meno.

"Hizi ni za baridi kali, mama," alisema muuzaji.

"Kali wapi! Manyoya yameishia kiganjani, vidoleni hamna kitu. Binti yangu anaendesha pikipiki alfajiri. Breki anaibana kwa kiganja?"

Muuzaji akacheka. Mshonaji akamvisha glovu moja, akachukua kwenye friji ya vinywaji chupa ya maji iliyoganda, akamshikisha, akamkazia macho. Dakika haijaisha, muuzaji ameitua chupa mezani, anapuliza vidole.

"Haya, cheka tena."