Njia ya Chebunyo Niliyowachorea

Kwa mama wa rafiki yangu, pale Kapsoit, hakuna aliyewahi kuanza safari ndefu kabla ya kunywa mursik. Maziwa hayo yaliyolala kwenye kibuyu hupitishwa mkono kwa mkono, kila msafiri anapiga funda, halafu Mama anamwomba Mungu kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mfanyakazi kazi yake. Mimi nilianza kunywa kutoka kibuyu hicho nikiwa shule ya msingi. Baba yangu alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na kwetu maziwa yakilala hivyo tulimwagia paka. Kwa Mama nilijifunza kuyapenda.

Tulikuwa wanaume watano wenye pikipiki ndefu za matairi ya meno, zile zinazokwenda lami na matope bila kubagua. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa kwa Mama kupanga safari: tupite njia za ndani katikati ya mashamba ya chai, tuteremke upande wa Bomet hadi ng'ambo ya Chebunyo, ambako chai imeisha na nchi imekauka, tupige kambi huko. Watu watano, na bado tulikuwa na mwenyekiti, katibu na mlezi. Sisi hata kuku hatuwezi kumzika bila kamati. Mwenyekiti alikuwa rafiki yangu huyo. Mimi sikupewa cheo, nilipewa kazi. Nilichora njia nzima kwa simu, kwa kuwa ni mimi tu niliyewahi kufika huko.

Hiyo ilikuwa kabla ya kuanguka. Niliteleza kwenye udongo mwekundu karibu na Litein, pikipiki ikanilalia mguu, nikawekewa chuma. Tangu hapo nasimama nimeegemea upande mmoja, na wenzangu wakanibatiza Stendi, kama ile ya pikipiki. Nilicheka nao. Ukikataa jina la kejeli unaongezewa la pili.

Daktari alikuwa ameshaniruhusu kuendesha. Niseme wazi: niliitaka safari hiyo kuliko nilivyotaka mguu wenyewe upone. Niliamini kwamba nikienda nao na kurudi nao, nitaacha kuwa mgonjwa wao na nitakuwa mwenzao tena. Nilinunua koti la mvua. Nilimkopesha mwenyekiti hema langu, kwa sababu lake lilikuwa limeliwa na panya, na mimi ningelala na katibu.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mwenyekiti akaandika kwenye grupu kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya mvua. Jamani, Kericho! Hapa mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kuahirisha jambo kwa sababu ya mvua ni sawa na kuahirisha harusi kwa sababu wageni wamekuja. Hata mtoto angeshtuka. Mimi nilijibu, "Sawa, wakubwa," nikarudisha koti kabatini.

Jumamosi hiyo nikaenda Kapsoit kuchukua hema langu nilianike. Nilimkuta Mama nyuma ya jikoni ameinama, anasugua kibuyu kwa kijiti kilichochomwa moto. Kibuyu cha safari hakisuguliwi mpaka kinywewe kiishe. Nikasimama hapo namtazama, nikaelewa kwamba wenzangu wamekunywa na kuondoka. Walikuwa wamefungua grupu nyingine bila mimi, na statasi zao walikuwa wamenifungia, hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wanaume wazima, wenye kamati, walificha kila kitu wakasahau kibuyu.

"Hema iko wapi, Mama?"

"Hema walibeba," akasema bila kuinua kichwa. "Walibeba kila kitu. Hata sufuria yangu moja."

"Waliondoka leo?"

"Asubuhi, kabla ng'ombe haijakamuliwa. Niliuliza wewe uko wapi. Wakasema mguu yako itawachelewesha, na hakuna mtu anataka kukuambia."

"Na wewe ukasemaje?"

Hapo akainuka. Mama si mtu wa kuzungukazunguka.

"Nilisema ni sawa. Siwezi kukudanganya, kijana yangu. Ukianguka tena huko porini, watu wenu watakuja kuniuliza mimi."

Watu wenu, wale wa upande wa ziwa. Nilikuwa nimekula ugali wa mama huyu tangu meno yangu ya utoto. Nilimsaidia kuchuma chai kila likizo, na alipomzika mumewe mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa mgeni aliyekawia kuondoka. Iliniuma kuliko chuma cha mguuni, na nilimchukia kwa muda wote aliochukua kunitilia chai.

Akaniketisha sebuleni, kwenye kiti cha mwanawe. Chai ilikuwa bado moto simu ilipoita. Alikuwa mwenyekiti.

"Stendi, uko aje? Mimi niko tu hapa nyumbani kwa mathe, napumzika. Hii mvua imetuharibia."

Simu yangu inapiga kelele hata bila spika. Mama alisikia kila neno. Akatazama ndani ya kikombe chake. Nyuma ya sauti ya mwanawe nilisikia injini zikinguruma na mtu akikohoa vumbi.

"Nilikuwa naangalia ile ramani yako," akaendelea, "ndio tukienda wiki ijayo tusipotee. Pale kwa bwawa ya ng'ombe, tunapinda kushoto ama kulia?"

Kushoto kuna udongo mweusi. Ukinyeshewa unameza pikipiki mpaka mhimili, na hakuna nyumba ya kukimbilia. Neno moja tu lingewalaza humo wote wanne pamoja na hema langu. Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anazijua, na neno hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Kulia," nikasema.

Ningeishia hapo ningebaki na heshima kidogo. Lakini nilikuwa nimeulizwa. Nikamwambia wasivuke korongo la kwanza, wavuke la pili, lina mawe chini. Nikamwambia wapige kambi juu kwenye mgunga mkubwa, si chini kwenye nyasi, na kuni kavu ziko nyuma ya kile kichuguu. Nikasimama, mkono ukionyesha ukuta wa sebule kana kwamba bwawa liko pale. Nilikuwa bado naeleza jinsi ya kuomba maji kwenye nyumba ya mabati mekundu, kwa sauti ya mtu anayeongoza msafara, Mama aliponigusa mkono.

"Keti, unywe chai," akasema. "Amekata zamani."