Ng'ombe Asiye na Miguu

Juzi nilimkuta binti yangu amekaa sebuleni, hapa Bariadi mjini, kitambaa cheupe mapajani, nyuzi za rangi zote za dunia zimelala kwenye kiboksi, na simu kaiegemeza kwenye kikombe imwelekeze pa kuchoma sindano. Anajifunza kudarizi mishono ya msalaba. Ndiyo kwanza ameanza, na ua lake tayari linakaribia kunukia. Rafiki yangu, nilishikwa na wivu nikaenda jikoni kusonga ugali ambao hakuna aliyeuomba. Mtu mzima mimi, nina cheti cha kidato cha nne nilichokisotea kwa masomo ya jioni, namwonea wivu mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Lakini wivu ule haukuzaliwa juzi. Ulizaliwa kijijini Sapiwi, kwa bibi, nilipokuwa msichana mdogo.

Mwaka ule pamba ilikubali mpaka ikakosa pa kukaa. Ilijaa vyumbani, tukawa tunalala juu yake kama mawaziri. Asubuhi tulikaa barazani kutenga pamba safi na chafu, vumbi likitupanda puani, na mchana tulikula michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, tukiichemsha na karanga, mitamu mpaka nyuki walitufuata mdomoni. Nilikuwa na mwenzangu, dada yangu wa mama mkubwa, aliyeletwa kutoka Kiloleli kusaidia mavuno. Tulilingana umri. Hatukulingana kingine chochote: yeye alisuka ukili, alipika wali usioungua, na wageni wakimsalimia alipiga goti vizuri hata kuku walisimama kumtazama.

Siku moja bibi akatuita. Watu wa Lalago walikuwa wanakuja kupatana mahari ya mama yetu mdogo, na nyumba nzima ilikuwa na kiti kimoja tu cha kuegemea, nacho mgongo wake ulikuwa umechubuka. Akasema kila mmoja wetu ashone kitambaa. Kitakachopendeza kitafunika kile kiti, na mkubwa wa wageni ataegemea hapo. Tangu nizaliwe sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka mgongo wa yule mzee.

Vitambaa vya dukani hatukuvijua. Bibi alitukatia vipande viwili vya gunia la katani, akatufumulia sweta kuukuu jekundu na jeusi, akatupa sindano za kushonea magunia. Gunia lina matundu yanayohesabika, na ndiyo siri yote. Mshono wa kwanza unalala upande mmoja, wa pili unapita juu yake ukilalia upande mwingine. Ukigeuza mpangilio katikati ya kazi, alisema bibi, kitambaa kinakuwa kama watu wawili wanaogombana kitanda kimoja. Kisha akatuambia tukunje gunia mara nne tuone katikati yake, tuanzie hapo.

Dada yangu alikunja. Mimi nilikuwa na haraka ya kumshinda. Yeye alichagua maua. Mimi nikachagua ng'ombe, maana mgeni anayekuja kuzungumzia ng'ombe atataka kuona nini kingine? Na sisi kwetu ng'ombe hutazamwa pembe kwanza. Basi nikaanza na pembe, juu kabisa kwenye kona. Nilizishona zikapinda, zikapanuka, pembe ambazo ungeweza kuanikia nguo za kijiji kizima. Nikashuka kwenye kichwa, nikashona nundu, nikashona tumbo la kushiba. Kila jioni nilichungulia kazi ya mwenzangu, na kila jioni maua yake yalikuwa yameongezeka kwa unyofu wa kuudhi. Niliwatazama mbuzi wa bibi kwa matumaini makubwa. Mbuzi wale walikula kila kitu mwaka ule isipokuwa kitambaa kile.

Wageni walikuwa wafike kesho yake nilipogundua kwamba gunia limeisha na ng'ombe bado hana miguu. Tumbo limefika ukingoni.

"Ng'ombe wako kazama bwawani?" dada yangu aliuliza.

Nikamjibu kwamba amelala. Bibi akavichukua vitambaa vyote viwili, akavisogeza mlangoni penye mwanga. Alinisifia pembe, tena akazipitisha kidole. Kisha akanitazama.

"Mayu, mama yangu, hawa wanakuja kutuahidi ng'ombe," alisema. "Nikimwegemeza mzee wao kwenye ng'ombe asiye na miguu, wa kwao watafikaje hapa?"

Hapo hapakuwa na rufaa. Maua yakapanda kitini. Kesho yake nilipuliza moto jikoni, macho yakinitoka machozi, moshi ukanisaidia kuyaeleza. Nilisikia salamu za mwadila zikipokezana uani, nikamsikia mzee wa Lalago akiuliza nani ameshona kitambaa hiki, na nikajua, bila kuona, kwamba kuna mtu anapiga goti.

Wageni walipoondoka bibi alikiweka kitambaa changu kwenye kigoda chake cha jikoni, akakikalia. Nilinuna. Kigoda cha jikoni si kiti cha mgeni.

Bibi hayupo siku hizi. Ile nyumba imevunjwa, wajukuu wamejenga ya bati na kununua viti vya plastiki ambavyo havihitaji kufunikwa. Mwaka huu tulikutana pale na dada yangu, nikamwuliza kitambaa chake kiko wapi. Anacho, kabatini kwake Kiloleli, kama kipya. Wivu ukanipanda upya, mbichi kama wa siku ile, maana changu hakipo hata uzi.

"Changu kiliegemewa siku moja," aliniambia, "na mtu nisiyemjua. Chako alikikalia bibi mpaka kikaisha."

Akageukia kando, akakung'uta vumbi kwenye kanga yake isiyokuwa na vumbi. Nikaelewa kwamba miaka yote hii na yeye alikuwa jikoni kwake, na moshi wake. Tukasimama pale jiko lilipokuwa, mwenye kitambaa na asiye nacho, kila mmoja akimtamania mwenzake, na wa kutuamua hayupo.