Uzio wa Damiani

Mama Baltazar wa Nangara hakuwahi kuuza kitu kichafu, na alipenda watu walijue hilo. Mbaazi zake alizipepeta, akazichagua, akazipepeta tena, mpaka madalali wa sokoni Babati wakawa wanaliweka gunia lake mbele ili wengine waone haya. Jina lake la ubatizo ni Ursula, ila nani alilikumbuka? Wanawake wenzake walimtania kwamba iko siku atawaogesha hata kuku.

Pale kwake kitu kimoja tu kilimshinda kukielewa, nacho ni uzio. Aliupanda marehemu mumewe, Damiani, aliporudi kutoka mashamba ya mkonge Tanga akiwa na mbegu kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa mizingefuri, ingawa Nangara nzima waliiita miti ya rangi: matunda yenye nywele ngumu, na ndani mbegu nyekundu ambazo watoto walijipaka midomoni wakicheza harusi. Kila Krismasi Damiani aliingia jikoni mwenyewe, akafukuza kila mtu, akakaanga mbegu kidogo kwenye mafuta ya alizeti, akachuja, na wali ukaiva ukiwa na rangi ya chungwa. Ursula alimcheka sana. Mwanaume mzima anahangaika kupaka wali rangi! Damiani alipofariki ndipo mama wa watu alipogundua kwamba anaupenda ule uzio. Kila alfajiri akifagia uwanja aliusalimia kimoyomoyo, wala hakumwambia mtu.

Kisha Mkoa wa Manyara ukaanzishwa, Babati ikawa makao makuu, na kila mwenye kiwanja kando ya barabara akaanza kuota fremu za maduka. Baltazar, mwanawe wa pekee, naye akaota.

"Mama, huu uzio unafanya nini hapo?" aliuliza.

"Umesimama."

"Fremu nazo zitasimama, na zitakulisha."

Hakuwa mtoto mbaya, na ndiyo maana maneno yake yalimuuma zaidi mama yake. Angekuwa mkorofi angemfukuza tu.

Ndipo zikaja habari za kampuni moja ya Arusha inayotengeneza rangi za chakula kutokana na mimea. Walisema huko nje watu wamechoka kula siagi na soseji zenye rangi za kemikali, na kwamba mbegu za mzingefuri zinatafutwa. Bwana shamba wa kampuni, ambaye kumbe ni binti, alikuwa anapita kata kwa kata. Baltazar alijikuna kichwa, akaahidi: kampuni ikizichukua mbegu za mama, uzio unabaki. Isipozichukua, Jumatatu inayofuata fundi anaanza kung'oa.

Ursula akavuna kwa moyo wote. Alipopasua matunda, mbegu zikamwachia uchafu mwekundu viganjani, akaona aibu kwa niaba ya Damiani. Amletee mgeni wa Arusha kitu kama hiki? Wanunuzi wa mbaazi walikuwa wamemfundisha miaka yote kwamba cha thamani kimo ndani, na kilichoko nje ni vumbi. Hata alizeti, mafuta yake si yako ndani? Basi akamimina mbegu kwenye beseni, akazisugua kwa viganja kama mtu anayeosha mchele, akabadilisha maji tena na tena, siku mbili mfululizo. Maji mekundu akayamwaga chini ya uzio. Mwisho mbegu zikabaki za kahawia, safi, zikang'aa juu ya turubai, naye akazitazama kwa raha.

Mikono tu ndiyo iliyokataa kutakata. Alijaribu sabuni, majivu, hata ndimu. Jumapili kwenye misa, yeye ambaye siku zote hupokea komunyo mkononi, aliificha mikono ndani ya kitenge akatoa ulimi.

Alhamisi binti wa kampuni akafika, buti zake zikiwa na matope. Aliitwa Aikande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu mwanangu. Mzigo ule pale."

Aikande akalowesha kiganja, akachota mbegu, akasugua. Akatazama kiganja chake. Akachota upande mwingine wa turubai, akasugua tena. Baltazar alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, hizi mbegu umezifanya nini?"

"Nimeziosha," Ursula alijibu kwa fahari. "Ukikuta vumbi hapo uniite."

Binti akazirudisha mbegu kwenye turubai. "Pole, mama yangu. Lile vumbi ndiyo rangi yenyewe, na ndilo tunalonunua. Mbegu sisi huwa tunazitupa."

Ursula akakaa kwenye kigoda. Damiani aliotesha miti ile mmojammoja, na yeye, mkewe, amemwaga kazi yake beseni kwa beseni, tena akijisifu. Hakutaka kulia mbele ya mgeni, lakini alilia, akafunika uso kwa mikono.

"Hebu mama, lete hiyo mikono." Aikande akaishika, akaigeuzia jua. "Hujanawa?"

"Wiki nzima nanawa! Haitoki!"

"Nimepita Bonga, nimepita Bagara," alisema binti, akitabasamu, "rangi kali hivi sijaiona. Leo sina cha kuchukua hapa. Ila msimu ujao nitarudi mwenyewe, na tafadhali, maji yakae mbali."

Alipoondoka, Ursula alijifuta machozi.

"Nenda kamwite fundi wako," akamwambia mwanawe. "Hawakuchukua, na ahadi ni ahadi."

Baltazar hakwenda. Alichuchumaa, akashika kiganja cha mama yake, akakisugua kwa kidole gumba, kwa nguvu. Hakikutoka kitu.

"Baba alikuwa na mikono hivi kila Krismasi," alisema. "Nilikuwa nasubiri anishike usoni ili na mimi nichafuke." Akatazama barabarani. "Fundi atasubiri. Msimu mmoja tu, mama."

Jumapili iliyofuata Ursula alipanga foleni ya komunyo kama kawaida, kitenge mabegani. Ilipofika zamu yake akakitupa nyuma, akanyoosha mikono yote miwili, kiganja juu ya kiganja, myekundu mpaka vifundoni. Padre alishtuka kidogo, akaitazama.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," akajibu Ursula, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nyuma.