Damu ya Mtoni, Damu ya Malishoni

Nilipopimwa nikaambiwa nina kisukari, shangazi yangu hakuuliza ninakula nini. Alisema tu, "Hii ni ya mama yako." Marehemu baba alikuwa Mworma, mtu wa ng'ombe. Mama ni Mpokomo wa Kulesa, mtu wa jembe. Kwa upande wa baba, ugonjwa huu ni wa watu wa mtoni wanaoshinda kwenye wali na ndizi.

Nikaenda Kulesa. Mjomba alikuwa anapura mpunga, akacheka mpaka akaketi chini. "Sisi tunalima tangu babu, nani umemwona na sukari? Hiyo ni ya hao wa chai tamu." Basi nikawa mtu mmoja mwenye pande mbili, kila upande unausukumia mwingine mzigo, na mwenye kuubeba ni mimi. Nilikasirika sana.

Kliniki ya Garsen nilimuuliza daktari waziwazi ni damu ipi kati ya hizi mbili iliyoniletea balaa. Hakunificha. Urithi upo, akasema. Mzazi wako akiwa nayo, kaa macho. Lakini hakuna jeni moja ya sukari iliyopiga kambi katika kabila moja. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na nyingi kati yake Mzungu anazo, Mhindi anazo, na sisi tunazo. Tena waliochunguzwa sana ni watu wa asili ya Ulaya. Sisi wa huku tumechunguzwa kidogo, kwa hiyo hesabu za hatari zilizotengenezwa kwa jeni zao hukosea zikiletwa kwetu.

"Kwa hiyo hamjui," nikamwambia.

"Hatujui yote, mama. Lakini dawa ninayo, na miguu ya kutembea unayo."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nikaanza kumeza dawa, nikaanza kutembea, na ule mjadala wa damu nikauachia wenye nafasi.

Haukuniacha. Binti yangu alipata mchumba, kijana wa ukoo wa wafugaji, na alimpenda kwelikweli. Wanawake wa kwao wakatuma neno kwamba watakuja kuzungumza kabla ya buni. Kwa wafugaji, buni zikishakaangwa kwa samli na kutafunwa pamoja, neno limefungwa. Lakini walikuwa wamesikia habari zangu.

"Mama, wakikuuliza sema ni presha," binti yangu akaniomba. "Presha kila mtu anayo."

Nilicheka, kisha nikaona macho yake yamelowa. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sina haraka ya kuliliwa.

Kwetu chai huchemshwa na sukari yake ndani ya sufuria. Mgeni haulizwi. Ukimpa chai isiyo na utamu ni kama umemwonyesha njia ya kurudi kwao. Tangu niugue nilikuwa napika sufuria mbili, ya wageni na yangu, na yangu nikiinywea jikoni kama mwizi. Siku hiyo nilipika moja. Maziwa ya asubuhi, iliki, tangawizi, basi. Sukari nikaitia kwenye bakuli, nikaiweka katikati ya mkeka. Binti yangu alinitazama kana kwamba nimechoma nyumba.

Walikuja watatu. Mkubwa wao, shangazi wa kijana, ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chake cha malishoni.

"Sisi nasikia wewe iko na sukari. Na mama yako ni ya mtoni. Watoto yetu nitapata hio damu?"

"Ninayo," nikamjibu. "Nameza dawa asubuhi na jioni. Baba yangu alichunga ng'ombe, mama yangu alishika jembe, na hakuna daktari anayeweza kuniambia ni yupi kati yao aliyenipa. Binti yangu amepimwa, hana, na atapimwa tena. Kijana wenu naye akapimwe. Lakini nyumbani kwangu hakuna 'damu ya mtoni'. Tumeishi hapa Garsen, mama. Tunajua maneno ya damu hutufikisha wapi. Tumezika watu wa pande zote mbili kwa maneno hayo."

Binti yangu aliinamisha kichwa, nami nilijua huenda nimemvunjia ndoa kwa kinywa changu. Hata hivyo nisingeyameza.

Wale wawili wakavuta bakuli, wakajitilia sukari, wakakoroga. Bakuli likamfikia mkubwa wao, naye akalisukuma mbele. Mimi nimeuza chai Garsen miaka mingi. Asiyezoea chai ya hivyo hukunja uso kwenye funda la kwanza. Yeye hakukunja. Alikunywa mpaka chini, akaninyooshea kikombe nimwongeze.

Kisha akamgeukia binti yangu. "Lete buni."

Samli ilipoanza kunukia, aliniuliza, wala hakunong'ona:

"Wewe dawa nakula mbele ya chakula ama nyuma?"

"Baada ya chakula."

"Mimi nilikuwa nakula mbele. Ndio maana tumbo nasumbua."

Mwanamke wa malishoni, asiye na tone la mtoni katika vizazi vyote anavyoweza kuvitaja. Vijiko vya wenzake vilisimama ndani ya vikombe.