Mizinga ya Baba Mlimani Sekenke

Kaka yangu alipouza mizinga ya baba akanunua gari, Kiomboi nzima ilikuja kulitazama, na nadhani wengine walitoka hata makaburini. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, jeupe, lililotumika huko kwao likachoka kidogo, likapitia Dubai, likashuka Dar es Salaam, na sasa limeegeshwa kati ya banda letu la kuku na mpapai. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa sabuni za kila rangi, na mwenye kitu cha kuuza aliweza kununua chochote, hata asichojua kinavyofanya kazi.

Baba alikuwa na mizinga ya nyuki kule Rungwa tangu kabla sijazaliwa. Miguu yake ilipoanza kukataa safari za porini, kaka alimwambia, "Baba, mzinga haukimbii. Gari linakimbia." Wakakubaliana. Gari lingechukua abiria wenye haraka pale Shelui, malori na mabasi yanapopumzikia, liwapandishe mlima wa Sekenke mpaka Kiomboi au Singida, na kipato kimtunze baba uzeeni. Gari likifa, hakuna mzinga wa kurudia. Na injini nyingine kama ile, ya kubadilishia, haikuwepo mkoa mzima, sijui kama ilikuwepo Afrika.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mchana nikiuza nguo za mitumba sokoni. Kaka aliniita Msomi, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kumweleza baba mambo.

La kwanza kueleza lilikuwa turbo. Nilimwambia ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, ili isukume ndani hewa nyingi kuliko ile ambayo injini inaweza kuvuta yenyewe. Baba akasema amenielewa. Kaka naye alielewa kupita kiasi. Alimpelekea gari fundi mmoja wa Singida mjini, mtu mcheshi ambaye ovaroli yake ungeikamua ungepata oili ya trekta zima, akataka presha ya turbo ipandishwe, apite mabasi mlimani kama yamefungwa kamba. Fundi akachezea kampira fulani, presha ikapanda. Gari likilia, mbuzi waliacha kula.

Lakini mlimani likaanza kukohoa, na ndani ya injini ikasikika sauti kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko.

"Hewa imezidi, mafuta hayafiki," fundi alisema tulipolirudisha. "Ukiendelea hivi pistoni zinayeyuka."

Nilimweleza baba: ni moto mkubwa chini ya sufuria yenye maji kidogo.

"Basi apunguze moto," baba akasema.

"Baba, tunaongeza maji," kaka akajibu.

Ndivyo ilivyoanza kazi ya mafuta. Fundi aliweka nozeli kubwa zaidi zinazomwagia injini mafuta, na pampu yenye nguvu aliyoitoa kwenye gari lililopinduka. Kisha akasema kwamba gari likipanda, petroli yote hukimbilia nyuma ya tangi, pampu inavuta hewa tupu. Panatakiwa tangi dogo la pili ndani ya buti, lijae muda wote, na pampu mpya inyonye humo. Tangi kama hilo halikuuzwa popote. Tulilitengenezesha kwa fundi bati wa sokoni, yule wa karai na koroboi. Alilitengeneza zuri, linang'aa kama sinia la harusi.

Ila pale bomba linapoingia, lilivuja. Tone dogo, likining'inia, likidondoka, jingine likifuata. Fundi bati akasema tulirudishe kesho alichomelee upya. Kaka hakutaka kesho. Kesho ilikuwa siku ya mnada Shelui, abiria kama siafu.

Kwetu sisi kitu kikivuja kilizibwa kwa nta. Kibuyu, nta. Debe la asali, nta. Naamini paa lingevuja tungelipandia na bonge la nta. Kaka alichukua kipande, akakilainisha viganjani, akakizungushia pale kwenye bomba, akakikandamiza kwa kidole gumba kama alivyoziba madebe maisha yake yote. Tukainama watatu kutazama. Hakuna tone. Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa mara ya kwanza kitu katika gari lile alikifahamu.

Kesho yake akavaa koti lake la kanisani, akasema anakwenda kuona mizinga yake ikipanda Sekenke. Alikaa mbele. Mimi nyuma.

Kuteremka Shelui hakukuwa na neno. Pale tukapata mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu na mumewe, wakanibana dirishani.

"Dereva, gari lako linanuka petroli," mama akasema kabla hatujamaliza kuwasha.

"Ni jipya, mama."

"Basi koroboi la bibi yangu nalo lilikuwa jipya."

Mumewe akacheka. Kaka akakanyaga.

Siwezi kusema uongo, lilipanda. Lilipanda kama limetukanwa. Mawe yaliruka, vumbi letu nadhani lilifika Nzega. Tulilikuta basi kwenye kona likihema, tukalipita, na abiria wote wakageuza shingo kama kuku wanaotazama mwewe. Baba alishika mshikio wa mlango kwa mikono miwili. "Mizinga yangu inaruka," alisema polepole, na nilimwona kwenye kioo akitabasamu.

Ndipo nikasikia kijiko kwenye sufuria.

"Kaka, inagonga."

"Ni kokoto."

"Kokoto ziko chini, kaka. Hii iko mbele."

Akasikiliza. Nikaona bega lake linalegea, mguu ukiinuka kwenye mafuta, na kwa kweli aliuinua upesi kuliko nilivyotegemea. Haikusaidia. Kitu kilitoa pumzi ndani ya injini, nguvu ikaisha, moshi wa buluu ukafunika kioo cha nyuma. Gari likasimama, likaanza kurudi nyuma. Nikaruka nikaweka jiwe chini ya tairi. Masomo yote yale ya jioni, fizikia na mengine, siku hiyo yalitoa jiwe.

Kaka alifungua buti. Jua na petroli ya moto inayorudi kutoka kwenye injini vilikuwa vimelichemsha lile tangi. Nta haikuwepo tena kwenye bomba. Ilikuwa imelainika, ikapenya ndani kupitia tundu lile na kuwa uji kwenye petroli, na pampu ile yenye nguvu ilikuwa imeunyonya. Kaka alichomoa chujio, nalo lilikuwa limefunikwa ute wa manjano pande zote. Injini ilikuwa imepewa hewa yake yote na kunyimwa mafuta.

Basi likatukuta. Kondakta akatoa kichwa mlangoni. "Dereva, huko juu tukusalimie nani?" Abiria hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mama wa vitunguu na mumewe wakapanda humo humo, naye alipopita karibu na baba alisema, "Pole, mzee wangu," kwa sauti ya msibani.

Baba alikuwa ameshuka. Alisimama ananitazama mimi, si kaka.

"Msomi, inapona hii?"

Kaka alikuwa ameinamia injini, hageuki. Moshi ulikuwa unatoka pasipopaswa kutoka moshi. Nilijua maana yake, na kujua kwangu hakukuwa na kazi yoyote pale.

"Haiponi, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya gari. Kwenye ukingo wa tangi palikuwa pamebaki nta kidogo, imeganda. Aliikwangua kwa kucha, akaikusanya kiganjani, akaiviringisha mpaka ikawa kama gololi. Nilielewa anachofanya. Mzinga mtupu hauvuti nyuki mpaka uupake nta ndani. Mtu anayeanza upya huanzia hapo. Akainusa. Akakunja uso. Akamwita kaka, akamnyooshea kiganja.

"Nusa."

Kaka akanusa.

"Nyuki wataingia humu?"

"Hapana, baba. Inanuka petroli."

Baba aliigeuzageuza ile gololi kwenye vidole, akatazama huku na huku barabarani, kama anayetafuta pa kuitupa. Kisha akaitia mfukoni mwa koti la kanisani, akarudi kukaa kwenye kiti cha mbele, akafunga mlango.