Mama Mkwe wa Seoul Anasema Kiswahili cha Kamembe

Joselyne hajui hata neno moja la Kikorea, na jambo hilo halijawahi kumzuia kukitafsiri. Saluni yake iko Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, kwenye mteremko unaotoka sokoni: chumba kimoja, vioo viwili, viti vitatu, na runinga iliyotundikwa juu kabisa ili anayesukwa aione bila kugeuza shingo. Wateja wanaingia na nywele zao za bandia mkononi na swali moja mdomoni: jana mliishia wapi? Wako wanaodai kwamba misuko yao inafumuka haraka siku hizi. Uongo mtupu. Wanaifumua wenyewe nyumbani ili warudi kusikia kilichotokea.

Huku watu wamezoea sinema za kusobanurwa, zile ambazo bwana fulani amerekodi sauti yake juu ya picha na kueleza kila kinachosemwa. Joselyne alizitazama miaka, mwisho zikamchosha. Bwana yule aliwapa wanaume wa Kikorea sauti nzito na vichekesho vyote, lakini mwanamke akifungua kinywa tu, alimtolea kilio kilekile kimoja, kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Siku moja Joselyne alishika rimoti, akazima sauti na kutangaza, "Sasa nitasobanura mimi." Tangu hapo vidole vinasuka na mdomo unasema, na sijui kipi kati ya hivyo viwili kina kasi zaidi.

Ana ugomvi na walioandika tamthilia zile, na ugomvi wake una sababu. Msichana mkuu ni maskini na mwema, mwema mpaka anakera. Ana kazi tatu, hachoki, na hawezi kuvuka chumba bila kuanguka. Akibeba makaratasi, yanatawanyika. Akibeba kahawa, inammwagikia mwenye kampuni. Na kila anapoteleza, kuna mwanaume mrefu mwenye koti amesimama palepale, kana kwamba ameajiriwa kudaka.

"Maman Ridhwani," Joselyne alimuuliza siku moja mteja wake wa zamani, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge na kuvuka daraja la mpakani kwenda Bukavu karibu kila siku, "weye ulisha anguka mara ngapi pale Rusizi ya Pili, na ile mizigo yako yote?"

"Nianguke? Na vitenge viingie mu matope? Siwezi fanya ile bujinga."

"Unaona? Muntu aliandika huyu binti ni mwanaume. Tena hajaoa."

Mwanamke wa pili katika hadithi ana akili na nguo nzuri, kwa hiyo lazima awe mbaya. Mwanaume akitaka kuzungumza na msichana hamwiti kwa jina. Anamkamata kiganja na kumkokota mpaka nje, na muziki unapigwa kana kwamba hayo ndiyo mapenzi. Mama mkwe naye hana kazi nyingine duniani ila kukaa kwenye kiti cha ngozi, lulu shingoni, akisubiri mtu wa kummwagia maji usoni.

Joselyne hana uwezo wa kubadilisha picha, lakini maneno ni mali yake. Msichana anakokotwa, macho chini, midomo inatetemeka. Juu ya midomo hiyo Joselyne anaweka haya: "Achilia mukono yangu, Papa. Niko na miguu mbili, na zote zinajua njia." Saluni inalipuka. Umwali, binti aliyechumbiwa ambaye karibu ahamie pale kwenye kiti cha dirishani, aliwahi kuyarudia maneno hayo mbele ya mchumba wake, na mchumba akaja saluni kuuliza ni Mkorea gani huyo.

Ungemsikia Joselyne siku hizo ungedhani nyumbani kwake hakuna anayethubutu kumsemesha. Thubutu! Nyumbani kuna mzee Mukagasana, mama wa mumewe, aliyekulia Bukavu, akaolewa Bukavu, kisha akavuka daraja kurudi Rwanda na wana wawili wa kiume na kikohozi kimoja. Kikohozi hicho si ugonjwa. Anakohoa mara moja kabla ya kutoa amri, na nyumba nzima inanyamaza. Joselyne, kwa upande wake, alilelewa na bibi yake kule Bweyeye, bibi wa zamani aliyemfunza kwamba mke hatamki jina la mama mkwe wala hamrudishii neno. Anamwita Mabukwe, na jibu lake kwa kila kitu ni moja: "Ndiyo, Mabukwe."

Alijibu hivyo hata siku ile ya kikohozi kikubwa. Chumba cha saluni ni cha Mukagasana. Mwanawe mdogo, Gad, alikuwa amerudi kutoka Kigali na wazo la duka la simu, na mama akakohoa, akasema mwezi ukiisha chumba kitakuwa cha Gad. Joselyne angeweza kusuka watu sebuleni, wanawake wangapi hawasuki sebuleni? "Ndiyo, Mabukwe," alisema Joselyne, na moyo wake ukawaka moto. Alimtazama mumewe, Christophe-Aimé. Christophe-Aimé ni mtu mwema kabisa. Alisimama, akasema anakwenda kuangalia sungura.

Basi yote aliyoyameza nyumbani akaenda kuyatapika saluni. Bahati ilimpa tamthilia inayofaa: kule Seoul kulikuwa na bibi mmoja tajiri aliyetaka mke wa mwanawe afunge kiduka chake cha maua. Bibi yule wa Kikorea akaanza kukohoa kabla ya kusema. Akaanza kusema, "Mimi nilivuka ile daraja na batoto mugongoni." Akamlaumu mkwewe kwamba anatia chumvi nyingi kwenye sombe, yaani kisamvu. Wateja walimtambua mara moja, wakavunjika mbavu, wakaenda wakasimulia. Na Kamembe ni ndogo.

Alasiri moja mlango ulifunguliwa, akaingia Mukagasana mwenyewe. Alikuwa na harusi Nyakarenzo na alitaka mvi zake zipakwe rangi nyeusi. Alikuwa pia na utepe wa kupimia, kwa ajili ya rafu za Gad. Maman Ridhwani alivuta ushungi wake mpaka mdomoni. Umwali aligeukia dirisha. Joselyne akakimbilia rimoti.

"Acha," alisema Mukagasana akikaa kwenye kiti cha katikati. "Banasema unasobanura muzuri. Na miye nataka kusikia."

Ole wake Joselyne! Alipaka rangi, vidole vikiwa ndani ya nywele za mama mkwe, na juu ya ukuta bibi wa Seoul alikuwa amesimama, uso umevimba kwa hasira, akipiga meza kwa kiganja.

"Anasema nini?" aliuliza Mukagasana.

"Anasema... karibu, mutoto wangu. Umekula?"

Umwali alitoa sauti fulani puani. Bibi wa Seoul akanyakua glasi, akammwagia mkwewe maji usoni, yote, mpaka tone la mwisho.

"Na ile mayi?"

"Ni desturi yao, Mabukwe. Banakaribisha mugeni vile. Kule kuna joto."

Mukagasana aliitazama picha kwa utulivu. Nje ya dirisha la bibi yule theluji ilikuwa inaanguka, na wote wawili walikuwa wamevaa makoti mazito.

"Kuna joto," alirudia Mukagasana.

Kisha akakohoa.

Ni kikohozi kilekile, na saluni nzima ilikijua, kwa sababu ilikuwa imekisikia wiki nzima kikitoka Seoul. Joselyne alingoja kugombezwa. Lakini mama mkwe hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa bibi mwenye lulu, na bibi mwenye lulu alipofungua kinywa, aliyesema alikuwa Mukagasana.

"Ile chumba ni yangu," alisema kwa sauti ya juu, akiifuata midomo vizuri kuliko Joselyne alivyowahi kuifuata. "Nilijenga na mikono yangu. Mutoto wangu mudogo hana kazi. Weye uko na bwana. Juu ya nini unang'ang'ania ile maua yako?"

Kwenye picha mkwe alijipangusa maji, akainua uso, na midomo yake ikaanza kucheza. Mtu alipaswa kumsemea. Joselyne aliangalia mlango, akaangalia dari, akapiga moyo konde.

"Mama mukwe," alisema, "mutoto wako mudogo alikuwa na pikipiki, ikaisha. Alikuwa na boutique ya viatu, ikaisha. Ukimupa chumba yangu, nayo itaisha. Kisha tutabaki na nini, weye na miye?"

"Unatukana mutoto wangu?"

"Situkani. Ninamupenda. Anakula kwangu kila siku, na nani alisha musikia analalamika juu ya chumvi?"

Maman Ridhwani alishindwa, akacheka ndani ya ushungi wake. Bibi wa Seoul alizunguka meza. "Ukafanyie kazi sebuleni," alisema Mukagasana kwa niaba yake, lakini sasa polepole zaidi.

"Sebuleni miye ni muke ya mutoto wako," alijibu mkwe. "Hapa miye ni miye. Bamama banakuja hapa na kichwa inabauma na banatoka banacheka. Sebuleni nani atacheka, weye ukiwa hapo?"

Ndipo mlango wa jumba lile la kitajiri ulipofunguliwa, akaingia mume, mrefu, kotini, nywele zimekaa sawasawa. Alisimama katikati ya wanawake wawili na kuanza kuhutubia. Midomo ilicheza, mikono ilipanda na kushuka. Joselyne alimngoja mama mkwe. Mama mkwe alimngoja Joselyne. Hakuna aliyempa neno. Bwana yule alihutubia kimya mpaka akamaliza, akatoka.

"Ameenda kuangalia sungura," alisema Mukagasana.

Hapo hata Joselyne alicheka, na kwa dakika moja nzuri aliona chumba chake kimepona. Lakini tamthilia zile zimeandikwa na walewale. Kwenye picha mkwe alisogea mbele, miguu ikalegea, akapiga magoti sakafuni. Akainama mpaka paji la uso likagusa zulia. Mabega yalitikisika. Alilia, akasema, akalia tena.

Joselyne alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Ungemwekea maneno gani mtu aliye katika hali ile? Kiganja kinachokamatwa unaweza kukitilia ujeuri, lakini paji la uso liko sakafuni, na kila mtu analiona. Alijua neno ambalo mwandishi alitaka aseme. Alilisikia kabisa linakuja kooni, tamu kwa mazoea: ndiyo, Mabukwe. Mikono yake ilisimama ndani ya nywele, rangi ikachirizika kwenye shingo ya mzee, na machozi yakamjaa. Alimchukia yule msichana wa Seoul kwa kupiga magoti mbele ya wateja wake.

"Sema," alinong'ona Umwali.

Mukagasana alikohoa, safari hii kidogo tu, kama mtu anayeomba njia.

"Haombi musamaha," alisema. "Tazameni muzuri. Kichanuo yake ilianguka, iliingia chini ya meza. Anaitafuta."

Walimgeukia wote. Yeye aliendelea kutazama juu.

"Akiipata, ataamuka, ataendelea na kazi yake. Palepale, mu chumba yake. Na ule shemeji wake aende atafute fasi ingine ya simu."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka sokoni. Maman Ridhwani alipiga mapaja, Umwali aliruka kitini na nusu ya kichwa haijasukwa. Mukagasana peke yake hakucheka. Kila mtu alipotulia, yeye alikuwa bado anaitazama ile picha, yule binti na paji lake zuliani.

"Miye nilipiga goti vile," alisema, na safari hii hakuwa anamsemea mtu. "Bukavu, mbele ya mama ya bwana yangu. Nilikuwa na mashini ya kushona. Nililia vile, sawa huyu. Kesho yake banaibeba, sikuiona tena. Hakukuwa muntu mu ile nyumba wa kunisemea."

Joselyne alichukua kitambaa, akampangusa rangi shingoni, taratibu. Alitaka kusema kitu kikubwa na kizuri. Alisema lile alilokuwa nalo.

"Ndiyo, Mabukwe."

"Basi rudisha nyuma," alisema Mukagasana. "Nataka kumuona tena."

Joselyne alishika rimoti kwa vidole vyeusi vya rangi. Kule Seoul binti aliinuka zuliani kinyumenyume, mpaka akasimama wima, machozi yakimrudia machoni. Kisha akaanguka tena, na paji lilipogusa sakafu, mama mkwe na mkwe walisema pamoja, sauti moja, kwamba kichanuo chake kimeingia chini ya meza.